Kilo moja kwa mkono wa kulia



Huku kwetu milimani, ukimwambia mtu kwamba unafanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, atakutazama kwa huruma kisha atakuuliza kama huna shamba. Swali hilo lina haki yake. Mji wa Lushoto upo katika mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hapana njia ya kwenda msikitini, sokoni au kondeni isiyopanda wala kushuka. Mwanamke anayetoka Irente na tenga la pilipili hoho kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi, hahitaji kuelezwa na yeyote maana ya nguvu. Hata hivyo nathubutu kuandika katika kurasa hizi za familia juu ya mazoezi ya nguvu, na hasa juu ya kuyarejea baada ya bega kupasuliwa, kwa sababu jambo hili limegusa swala yangu, mzazi wangu, nyumba yangu na hata maziko ya jirani zangu. Si habari ya vijana wanaotaka kujaza mikono ya fulana.

Nina umri wa miaka 47. Kwa muda wa miaka mingi nimekuwa nikinyanyua vyuma nyuma ya nyumba, baada ya swala ya Alfajiri, siku tatu kwa wiki. Nasema vyuma kwa mazoea tu, kwani chuma chenyewe ni kile kipande cha bomba katikati. Kilichobaki ni zege. Kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 50. Fundi mwashi yeyote atakutengenezea kwa mabaki ya saruji ya kazi yake, na zana hizo hazina kutu wala vipuri.

Kilichonianzisha ni baba. Yeye alizaliwa Mlalo, na ujana wake uliangukia zama zile Waingereza walipoleta mpango wao wa kuhifadhi udongo wa bonde la Mlalo, baada ya Vita Kuu ya Pili, wakawalazimisha wenye mashamba kuchimba matuta. Alikuwa miongoni mwa waliochimba na miongoni mwa waliochukia kuchimba. Mabega aliyoyapata kwa kazi ile alikaa nayo miaka sitini. Kisha magoti yakamkataa. Tangu hapo kazi ya kumtoa kitandani, kumpeleka bafuni, kumsaidia kutawadha na kumkalisha kwenye kiti chake cha kuswalia ikawa yangu, mara tano kwa siku nikiwapo nyumbani. Baba hana uzito mkubwa, kilo hamsini na kitu, lakini mtu mzima asiyeweza kujisukuma ni mzito kuliko gunia la kilo hizo hizo. Gunia halioni haya. Ukimnyanyua mzazi kwa kumkokota na kuhema, unamwonyesha kwamba amekuwa mzigo. Nilitaka nguvu za kutosha nimnyanyue kama asiyefanya kazi, tukizungumza habari za mvua.

Yakawa ya Mwenyezi Mungu. Katika masika, kwenye njia ya udongo mwekundu inayoteremka nyuma ya nyumba, niliteleza nikiwa na gunia la viazi. Nikauweka mkono wa kulia mbele kujikinga, na gunia likanifuata. Nilisikia mlio mdogo ndani ya bega, kama wa kitambaa kinachochanwa. Mifupa haikuvunjika. Eksirei ilionyesha kila kitu mahali pake, na nikapewa dawa za maumivu. Lakini wiki zilipita, na mkono ukawa unaweza kwenda mbele kidogo tu. Kuuinua kwa upande ulikuwa haukubali hata inchi moja bila bega zima kupanda sikioni. Usiku nilikuwa nikiamka kwa maumivu kila nilipougeukia upande ule. Eksirei, kama nilivyokuja kuelewa, ni jicho la mifupa. Kano haizioni. Kwa kano vinahitajika vipimo vya ultrasaundi au MRI, na huko ndiko ndama wetu alikokwenda: aliuzwa, nasi tukateremka Mombo tukapanda basi la Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo watu wengi wa kanda hii ya kaskazini huikimbilia mambo yanapokuwa mazito.

Nitaeleza kidogo kilichokuwa kimetokea, maana wengi hutaja maumivu ya bega bila kujua bega ni nini. Nyonga imejengwa kama mchi ndani ya kinu kirefu; mfupa wa paja umezama humo, haupotei kwa urahisi. Bega si hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na mahali kinapokaa ni padogo na hapana kina, kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Ndiyo sababu mkono unaweza kuzunguka pande zote, ukafika mgongoni, ukafika juu ya kichwa, na ndiyo sababu pia bega huteguka kuliko viungo vingine vikubwa. Linaloshikilia chungwa lile juu ya kisahani ni misuli minne midogo inayotoka kwenye mfupa wa bega na kukumbatia kichwa cha mkono kwa kano zao. Wanyanyua vyuma wengi hawaijui. Sisi huijua misuli ya kifua na ya mkono, inayoonekana. Kano ya msuli wa juu miongoni mwa minne hiyo ndiyo iliyokuwa imeng'oka kwenye mfupa wangu.

Juu ya upasuaji wenyewe sina mengi, kwani nilikuwa katika nusukaputi. Daktari aliirudisha kano mahali pake na kuishona kwenye mfupa. Nilipozinduka mkono ulikuwa umefungwa kifuani na hauna hisia, nami nikamshukuru Allah kwa kuwa niliweza kutikisa vidole.

Safari ya kurudi naikumbuka zaidi kuliko operesheni. Mke wangu alichagua viti vya upande wa kulia, mimi dirishani, ili mtu apitaye katikati ya basi asinigonge, akaweka mto kati ya kiwiko changu na ubavu. Same, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mazinde. Barabara ni ya lami, hapana shida. Shida ilianzia Mombo, kwenye zile kilomita zipatazo 33 za kupanda hadi Lushoto kupitia Soni, ambapo dereva hukata kona moja akiwa tayari anaiwazia ya pili. Katika kila kona mke wangu alinishika kwa shati upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeshika mtungi. Hatukusema neno mpaka Soni.

Masharti ya wiki sita za mwanzo yalikuwa machache na makali. Mkono usitoke katika kitambaa kilichofungwa shingoni ila kwa kuoga, kutawadha na mazoezi niliyoelekezwa. Usinyanyue kitu, hata birika. Usijisukumie kwa mkono huo unapoinuka. Lala umeegemea, si chali kabisa. Sababu ni kwamba uzi hushikilia kano kwa muda tu. Kinachoifunga kano na mfupa ni mwili wenyewe, nao hufanya kazi hiyo kwa mwendo wake. Huchukua kama wiki 12 kupata mshiko wa kuaminika, na miezi mingi zaidi kukomaa. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliniambia kwamba hatari ya mtu aliyezoea kunyanyua vyuma ni misuli mikubwa: hiyo haikupasuliwa, bado ina nguvu, na inaweza kuivuta kano changa ikaing'oa kabla mwenyewe hajajua.

Hapo ndipo yalipokuja maswali ya ibada. Udhu haukuwa na matatizo makubwa, kwani jeraha lilikuwa begani nalo bega si kiungo cha udhu; nilikitoa kigasha katika kitambaa, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, na mke wangu akamimina maji. Kichwa nilipaka kwa mkono wa kushoto. Kuoga janaba ndiko kulikohitaji elimu, kwa kuwa bendeji haikutakiwa kuingia maji. Nilimwuliza imamu wetu, akanielekeza: nioshe sehemu zilizo nzima, nipanguse juu ya bendeji na nitayammamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Mwenye kupatwa na hali kama hii amwulize mwanachuoni wake mapema, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kwani akitoka humo atakuwa na mengine ya kufikiri.

Kisha swala. Kuinua mikono katika takbira ni sunna, na asiyeweza huinua alichonacho. Niliinua wa kushoto. Lakini sijida imeamrishwa kwa viungo saba, na viganja viwili ni katika hivyo. Kiganja changu cha kulia hakikuweza kufika chini bila uzito wa kiwiliwili kulishukia bega. Tunasoma habari ya sahaba Imran bin Huswain, aliyekuwa na bawasiri, akamwuliza Mtume (rehema za Allah na amani ziwe juu yake) namna ya kuswali, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulalia ubavu. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu madrasa nikidhani ni ya wazee. Nikachukua kiti, nikakaa kando ya baba. Kwa wiki tano tuliswali hivyo, viti viwili vimepangwa sambamba, mtu na mwanawe, tukiashiria rukuu na sijida kwa kuinamisha vichwa. Baba alinitazama siku ya kwanza, akasema, “Umenitangulia mapema mno, mwanangu.” Akacheka mpaka akakohoa.

Kula kulikuwa mtihani mwingine. Kwenye walima mmoja nilikaa kwenye sinia na wazee wanne, na mkono wa kulia umefungwa. Kila mtu anajua kwamba mwenye udhuru hupewa nafasi, lakini kuujua udhuru ni jambo moja, na kutia mkono wa kushoto kwenye pilau mbele ya wazee ni jambo jingine. Mzee mmoja, Allah amlipe, aliomba sahani na kijiko kwa sauti ya kawaida kama aliyeomba chumvi, akanipakulia upande wangu.

Mazoezi yenyewe yalianza kwa kitu ambacho mnyanyua vyuma hatakiita zoezi. Unainama, mkono mzima umeshika meza, ule uliopasuliwa unaachwa uning'inie, kisha unautikisa mwili ili mkono uyumbe wenyewe kama kamba ya ndoo kisimani. Msuli haufanyi kazi. Uzito wa mkono tu. Duara ndogo, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Baada ya wiki kadhaa kikaja kijiti: unakishika kwa mikono miwili, kiwiko cha kulia kimebana ubavuni, na mkono mzima unaousukuma mgonjwa kwenda nje. Ikaja kamba iliyopitishwa juu ya mlango kwenye kikapi kidogo, mkono wa kushoto unavuta chini na wa kulia unapanda bila kujitahidi. Baada ya wiki sita, vidole vikaruhusiwa kutambaa ukutani wenyewe, kama buibui, hadi pale vinapokomea.

Ni binti yangu mdogo aliyeleta makaa. Tulikuwa na desturi ya kupiga alama za urefu wa watoto kwenye mhimili wa mlango wa sebule, naye akaona si haki kwamba baba hana safu yake. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nilitambaza vidole kwenye mhimili ule, naye akapiga mstari pale vilipokomea na kuandika tarehe. Mstari wa kwanza upo chini ya kitovu changu. Wa pili upo upana wa vidole vitatu juu yake. Halafu kuna mahali ambapo mistari mitatu imekaribiana mno hata kuonekana mmoja mnene: wiki tatu mkono ulikataa kupita kimo cha kidevu. Mtaalamu, nilipompigia simu, hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu, kama maumivu ya asubuhi yanazidi ya jana yake. Nilipomjibu kwamba hayazidi, akaniambia niendelee vilevile, nisiongeze wala nisipunguze. Wiki ya nne yake mstari uliruka karibu kiganja kizima, bila sababu niliyoweza kuiona.

Wakati huo wote baba alibebwa na mjukuu wake. Mwanangu ana miaka 16 na mgongo imara, ila mwanzoni alimnyanyua babu yake kwa papara ya ujana, na baba hakulipenda jambo lile hata kidogo. Nilisimama pembeni nikielekeza kwa mdomo: piga goti, mkumbatie chini ya makwapa, mwambie kabla hujainuka, ngoja aseme bismillah. Kwangu hapo ndipo palipouma kuliko mshono. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni mbora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, na kwamba katika kila mmoja wao imo kheri. Sehemu ya kwanza huipenda sana sisi wenye makopo ya zege. Imamu Nawawi alipoisherehesha hadithi hiyo aliifasiri nguvu kuwa ni azma ya nafsi katika mambo ya Akhera, wala hakuanzia kwenye mikono. Na ile sehemu ya pili, ya kheri iliyomo katika wote wawili, nilikuwa sijapata kuitafakari hata siku moja mpaka nilipokuwa nimekaa kwenye kiti nikimtazama mtoto akifanya kazi yangu.

Katika mwezi wa nne alifariki jirani yetu wa upande wa chini. Wasiozoea milima huenda hawajui namna jeneza linavyokwenda huku. Hapana gari linalofika. Ni njia ya mguu, na ya kupanda, wabebaji wakipokezana kila hatua chache, wa mbele wameinama na wa nyuma wakisukuma juu, na mvua ikiwa imenyesha kila mmoja anatazama unyayo wa mwenzake. Maiti hapelekwi na watu wanne. Hupelekwa na kijiji kizima, bega baada ya bega. Mwanamume mwenye afya anayetembea nyuma bila kuingia chini ya jeneza huonekana. Jeraha langu lilikuwa limepona juu, kitambaa nimekwisha kukivua, na kwa nje mimi ni mtu mzima kabisa. Ndugu mmoja aliniambia kwa upole, “Si una bega la kushoto?” Ninalo. Lakini utelezi ule ule ulionipeleka hospitali ulikuwepo njiani siku ile, na mtu aliye chini ya jeneza akiteleza huitupa mikono yote miwili bila kuchagua. Nilikwisha kuonywa juu ya jambo hilo hasa. Basi nikatembea nyuma, nikaswali, nikasimama hadi mwisho wa maziko. Yaliyoahidiwa kwa mwenye kuswalia jeneza na kulisindikiza mpaka likazikwa, yale ya kirati mbili, hayakumshurutishia mtu kubeba. Nililijua hilo, na bado macho ya watu yalinichoma.

Barazani nako hapakukosa walimu. Wengi walinitajia Mohamed Salah. Mnasema bega, mbona yeye aliumizwa bega tarehe 26 Mei 2018, kwenye fainali kule Kiev, na tarehe 19 Juni alikuwa uwanjani akiichezea Misri dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia, akafunga na penalti? Ni kweli, na siku zile hata sisi tulimwombea dua. Lakini yeye hakupasuliwa. Zile zake zilikuwa kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, zilizovutika. Yangu ilikuwa kano ya msuli iliyoachana na mfupa na kushonwa upya. Na mchezaji wa mpira hakimbii kwa mikono. Niliieleza habari hiyo mara tatu au nne, kisha nikawa natabasamu tu, kwani nilitambua kwamba wasemaji hawakuwa wakiuliza juu ya bega. Walitaka kuniona nikirudi.

Wiki ya 12 ilipotimia nilipata ruhusa ya kuanza nguvu, na nguvu yenyewe ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hii ndiyo mizani bora kwa mtu wa kawaida: huna haja ya kununua kitu, na unaweza kuongeza nusu kikombe kwa wakati. Nusu kilo, kiwiko kimebana ubavuni, mkono unageuka kwenda nje, polepole, mara 15. Nilitokwa na jasho. Mtu niliyekuwa nikisukuma kilo 60 kifuani nilikuwa natetemeka kwa maji ya kunywa. Nilikwenda kwa fundi baiskeli nikanunua mpira wa ndani uliochakaa, nikaukata vipande viwili virefu, chembamba na kipana, nikafunga kwenye kitasa cha mlango. Kuvuta kwa ndani, kuvuta kwa nje, kuvuta nyuma huku mifupa ya mabega ikikaribiana. Unaweka taulo lililokunjwa chini ya kwapa ili kiwiko kisitoroke. Hayo ni mazoezi ya ile misuli minne, na nayasifu kuliko yote kwa sababu hayana fahari. Hapana atakayekuuliza unavuta mpira wa upana gani.

Kanuni ya kupima ilikuwa nyepesi. Maumivu kwa hesabu ya sifuri hadi kumi yasizidi tatu wakati wa zoezi, na kufikia kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, unarudi hatua moja. Kati ya siku na siku ya nguvu uache siku ya kupumzika, kwa kuwa misuli hujengwa katika mapumziko. Abdallah bin Amru, ambaye alikuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, alikumbushwa na Mtume (s.a.w.) kwamba mwili wake una haki juu yake; nami siku za mapumziko nilizihesabu katika haki hiyo na sikuziita uvivu. Ramadhani iliponikuta nikiwa katika hatua hii nilihamishia mazoezi baada ya tarawehe, na daku nikaipa maharage, mayai na maziwa badala ya kuishia chai na mkate, kwani kano haijengwi kwa wanga peke yake.

Kilo moja kwa mkono wa kulia, ikiinuliwa kwa upande hadi usawa wa bega bila bega kupanda sikioni, niliifikia katika mwezi wa tano. Hapakuwa na shahidi ila kuku. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kurudisha sijida kamili, kwanza kwa kulaza ngumi, halafu kiganja, halafu uzito, na naweza kusema kwamba sijida ndiyo iliyokuwa kipimo changu cha kila siku kuliko chupa yoyote. Makopo ya lita 4 niliyagusa mwezi wa saba. Mwaka ulipotimia niliweza kuinua kilo 20 juu ya kichwa na kusukuma 40 kifuani, na hapo ndipo nilipo hadi leo. Daktari hakunikataza kupanda zaidi, ila aliniuliza, “Za nini?” Nimelifikiria swali lile. Baba ana kilo hamsini na kitu, lakini humnyanyui mzazi kwa mkono mmoja wala juu ya kichwa. Unamnyanyua kwa miguu na mgongo, mikono inakumbatia tu. Ndoo za lita 20 nimempa mwanangu.

Nilipokuwa tayari kuirudia kazi yangu, niliingia chumbani kwa baba kabla ya Alfajiri, nikapiga goti kama zamani. Akaniweka kiganja kifuani, akanisukuma taratibu. “Mwache kijana,” akasema, “yeye amekwisha kunijua.” Kumbe katika miezi ile walikuwa wamejenga mazungumzo yao, ya mpira na ya matuta ya Mlalo, ambayo mimi sikuwa nayo. Nilitoka nikaswali sunna yangu. Sasa mimi ni wa Isha na wa usiku wa manane, na kijana akirudi bweni shule zinapofunguliwa, ni wa nyakati zote. Likizo ikifika nampisha.

Jambo la mwisho linahusu kina mama, na naomba walisome. Dada mkubwa wa mke wangu alikuja kutoka Mlalo kututembelea, naye kwa miezi kadhaa alikuwa hawezi kufunga ushungi wake kwa mkono wa kushoto wala kufikia mgongo. Hakuanguka, hakugongwa. Alidhani amelogwa, na mwenzake mmoja akadhani ni ubaridi wa milima. Alipopimwa ikaonekana ni bega lililoganda: mfuko unaozunguka kiungo huvimba, hukaza, na mkono hufungwa taratibu. Huwapata zaidi wanawake kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari, naye sukari anayo. Ugonjwa huu ni tofauti na wangu na wala hauhitaji kisu kwa walio wengi, ila huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na unataka subira, kudhibiti sukari, dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, na mazoezi mepesi ya kila siku. Mke wangu, ambaye aliyashika masharti yangu yote kuliko nilivyoyashika mwenyewe, ndiye anayemwongoza ndani, mlango ukiwa umefungwa: mkono unaoning'inia, kijiti, kamba ya mlangoni, vidole ukutani.

Shemeji amekwisha kuongeza muda wa kukaa kwetu mara mbili. Kwenye mhimili wa mlango wa sebule, kulia kwa safu yangu, ipo safu mpya ya makaa yenye mistari sita, na juzi Ijumaa binti yangu alilazimika kuchukua kigoda ili afikie wa saba.